Barua ya Wazi kwa Watengenezaji wa Vigari vya Mfano: Kipimo Mnachokiandika na Kipimike

Kwa wakurugenzi, wabunifu na wakaguzi wa ubora katika viwanda vya magari madogo ya kukusanya.

Yahusu: Usahihi wa vipimo na ubora wa vigari vya mfano

Waheshimiwa,

Mezani kwangu, chini ya taa, pana vitu vitatu ambavyo vimenifanya nishike kalamu: kigari cha Porsche 911 cha skeli ya 1:18 (yaani kidogo mara 18 kuliko gari halisi) ambacho boksi lake linasema ni cha mwaka 1967, kalipa ya kidijitali, yaani kifaa cha kupimia milimita, na jibu la mistari miwili nililoletewa na kampuni mojawapo kati yenu, ambayo sitaitaja hapa kwa sababu kosa lenyewe si lake peke yake. Jibu hilo nitalirudia mwishoni. Kwanza naomba tuanze na kalipa.

Nikipima kutoka katikati ya ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma, kalipa inasoma milimita 126. Gari halisi la Porsche 911 lilitoka kiwandani likiwa na umbali wa milimita 2,211 kati ya ekseli hizo hadi lilipoingia toleo la mwaka 1969, ambapo umbali huo uliongezwa ukafika milimita 2,268. Gawanyeni namba hizo kwa 18 mtaona kwamba 911 ya mwaka 1967 ilipaswa kunipa milimita 122.8 au hapo karibu, na kwamba milimita 126 ni kipimo kamili cha 911 iliyokuja baadaye. Kwa hiyo kigari hiki si cha mwaka 1967. Ni cha mwaka 1969 kilichovalishwa nguo za kaka yake, kikabandikwa jina la kaka yake, kisha kikauzwa kwa bei ya kaka yake.

Najua wapo watakaocheka kwamba mtu mzima ananung'unikia milimita tatu. Lakini milimita 57 za gari halisi hazikuongezwa kwa ajili ya pambo. Injini ya 911 ilining'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, na uzito huo uliifanya sehemu ya nyuma ya gari iwe na tabia ya kutaka kuitangulia ya mbele dereva anapoachia mafuta ghafla katikati ya kona. Wahandisi waliyasogeza magurudumu ya nyuma kurudi nyuma na kuiacha injini karibu pale pale ilipokuwa, ili sehemu kubwa zaidi ya uzito iangukie upande wa mbele wa ekseli. Mtu anayetafuta 911 ya kabla ya badiliko hilo anaitafuta kwa sababu hiyo hasa, na asiyeijali tofauti hiyo hana haja ya kigari kilichoandikwa mwaka. Nyinyi ndio mlioandika mwaka. Sisi hatukuwaomba muuandike, ila mkishauandika tunausoma.

Sababu ya kosa la namna hii si siri kwa yeyote anayefuatilia kazi yenu. Kalibu ya chuma inayomimina bodi ni kitu cha gharama kubwa, na kampuni inayotaka kuirudisha fedha hiyo hutumia kalibu moja kutoa matoleo mengi kadiri inavyoweza: inabadilishwa rangi, inabadilishwa bampa, inabadilishwa taa za nyuma, kisha gari la miaka mitatu linakuwa la miaka kumi. Sina ugomvi na biashara hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba kalibu ikishakatwa kwa umbali mmoja wa ekseli, hakuna rangi wala bampa itakayousogeza umbali huo, na jambo hili linajulikana tangu siku ya kwanza mezani kwa mchoraji. Mngeandika tu kwenye boksi kwamba bodi iliyotumika ni ya toleo la 1969, ningekinunua kigari hicho nikijua ninachonunua, na pengine ningekipenda.

Katika vigari vidogo zaidi, vile vya 1:64, mambo ni mabaya kuliko hayo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wetu tulipoanzia. Mini ya mwanzo ilikuwa na urefu wa milimita 3,054, na Volkswagen ya Kobe (Beetle) ilikuwa na milimita 4,079. Katika skeli ya 1:64, Mini inapaswa kuwa na milimita 47.7 na Kobe milimita 63.7, yaani ziwekwapo sambamba Kobe iipite Mini kwa sentimita moja na nusu na ushee. Nimekuwa na rafu ambayo magari hayo mawili, yote yakiwa yameandikwa 1:64 na mtengenezaji mmoja, yanalingana kama mapacha. Mojawapo linasema uongo, na nikilipima naona ni Mini, ambayo imevutwa ikakua ili ijaze plastiki ya pakiti.

Desturi ya kulifanya gari lifuate boksi ni ya zamani na ina heshima yake. Kampuni ya Lesney ya Uingereza ilipoanza kuuza vigari vya Matchbox mwaka 1953, jina lenyewe lilikuwa linataja boksi lililofanana na la kiberiti, na basi, trekta na gari la saluni vyote vilipaswa kuenea humo. Hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa hakuna aliyeahidiwa kwamba vigari vyote vingekuwa vya skeli moja. Vilevile Tomica wa Japani, walioanza mwaka 1970, wanayo desturi ya kuchapa skeli ya kila kigari kwenye tumbo lake, kila kimoja na namba yake, hata zikiwa ni namba za ajabu zisizolingana na za jirani. Hiyo ndiyo adabu ninayoisema. Anayetengeneza 1:58 na aandike 1:58. Ikiwa namba hiyo haivutii sokoni, hilo ni tatizo la watu wa matangazo, nalo halipaswi kutatuliwa kwa kuandika 64.

Nikiwa bado kwenye Mini, naomba mtazame magurudumu yake. Gari lile lilijulikana kwa rimu zake ndogo za inchi 10, ambazo ndizo zilizowaachia abiria nafasi katika gari fupi namna ile. Tairi ya 145/80 iliyovalishwa rimu hiyo ina kipenyo cha milimita 486 hivi, na katika 1:64 hiyo ni milimita 7.6. Lakini viwanda vingi vina seti chache za magurudumu zinazogawiwa kwa magari yote, ya mbio, ya shamba na ya familia, kwa hiyo Mini inapewa gurudumu la gari kubwa, matao ya bodi yanakatwa upya ili gurudumu lienee, na kigari kizima kinainuka kama kimesimama kwa ncha za vidole. Hapo hata anayeona gari hilo kwa mara ya kwanza huhisi kuna kitu hakiko sawa, ingawa hawezi kukitaja. Jicho la binadamu husamehe kioo cha pembeni kilichonenepa. Mkao wa gari juu ya magurudumu yake halisamehi.

Nisije nikaonekana kuwa mtu asiyejua mipaka ya ufundi, niseme wazi yale ambayo silalamikii. Upenyo kati ya mlango na bodi katika gari la kisasa ni kama milimita 4. Ukiugawa kwa 64 unapata sehemu 6 za mia za milimita moja, na hakuna mtu mwenye akili anayetarajia kalibu imwage aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki kwa namna hiyo. Tabaka la rangi lenye unene wa sehemu 5 za mia za milimita, likikuzwa mara 64, lingekuwa rangi ya unene wa milimita 3.2 juu ya gari halisi, yaani kama ganda. Nguzo za kioo cha mbele lazima zinenepe ili zisivunjike, na bodi lazima iwe na mwinamo fulani ili itoke kwenye kalibu bila kukwaruzika. Nakubali pia kwamba kupunguza gari kwa hesabu tupu hakutoshi, kwa sababu mwanga hauupigi mkunjo mdogo kama unavyoupiga mkubwa, na mchongaji mzuri wakati mwingine huzidisha mstari kidogo ili uonekane. Huo ni ufundi, na wenye vipaji hivyo nawavulia kofia.

Ninacholalamikia ni pale tabaka hilo la rangi linapoachwa kuwa nene mara mbili ya inavyotakiwa, likajaza mifereji ya milango na kuzika nembo iliyochongwa kwa taabu, kwa sababu kazi ya kupiga rangi iliharakishwa. Ninalalamikia rangi ya metaliki yenye chembe kubwa, kwa maana chembe ya upana wa sehemu 3 za mia za milimita juu ya kigari cha 1:64 ni sawa na kupaka gari halisi kwa vipande vya karibu milimita 2, na matokeo yake ni gari lililonyunyiziwa mchanga unaometameta. Chembe laini zaidi zipo na baadhi yenu mnazitumia. Tena ninalalamikia vumbi lililonaswa chini ya rangi ya juu, bonneti isiyofunga hadi mwisho, gurudumu moja kati ya manne lisilogusa meza. Kosa hili la mwisho linagunduliwa kwa kukiweka kigari juu ya kioo na kukisukuma kwa kidole. Inachukua sekunde tatu.

Kuhusu michoro inayochapwa kwa pedi ya silikoni, nitataja mambo mawili tu. Porsche 917 iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1970, namba 23, nyekundu na nyeupe, iliyoendeshwa na Hans Herrmann na Richard Attwood, haikuwa na mapezi mawili yaliyosimama kwenye mkia. Mapezi hayo yalikuwa kwenye 917 iliyoshinda mwaka uliofuata, namba 22, ya Helmut Marko na Gijs van Lennep. Nimeiona namba 23 yenye mapezi. Rangi ilikuwa safi ajabu, herufi za wadhamini zilisomeka hata zile ndogo kabisa, na yote hayo yalikuwa yamechapwa juu ya mwili wa gari jingine. Jambo la pili ni usukani: Nissan Skyline GT-R ya R34 ilitoka kiwandani ikiwa na usukani wa kulia peke yake, na bado kuna vigari vyake vinavyouzwa vikiwa na usukani wa kushoto, eti kwa sababu sehemu ya ndani ilikuwa tayari imetengenezwa kwa ajili ya gari jingine.

Mtajibu kwamba siku hizi mnapima magari halisi kwa mashine za leza, hivyo makosa ya umbo yamekwisha. Mashine ya leza inapima gari lililoletwa mbele yake. Ikiwa mwenye gari alishusha springi, akabadilisha rimu na kuweka bampa ya toleo jingine wakati wa kulikarabati, mashine itayanakili mabadiliko hayo yote kwa uaminifu mkubwa, na kigari kitatoka na kosa lililopimwa kwa usahihi wa hali ya juu. Bado anahitajika mtu wa kukaa na picha za zamani na vitabu vya kiwanda, akauliza gari hili lilikuwaje siku lilipotoka. Watu hao wapo. Vyama vya wamiliki wa magari ya kale vimejaa wazee wanaojua idadi ya skrubu kwenye sahani ya namba, na wengi wao wangekagua picha za sampuli yenu bila kudai hata senti, ili mradi waulizwe kabla ya kalibu kukatwa badala ya baada ya boksi kufika dukani.

Sasa nije kwenye ubora wa mali yenyewe, ambao huonekana polepole na kwa hiyo huwaponyoka wakaguzi wengi. Wakusanyaji wa vigari vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, hasa vile vya Dinky vya Liverpool, wanaujua ugonjwa wa zinki: uchafu wa madini ya risasi ndani ya aloi husababisha kutu ipenye kati ya punje za madini, bodi inavimba, inapasuka, na mwisho inamomonyoka mkononi kama biskuti. Dawa hakuna. Kinga yake imejulikana tangu aloi ya Zamak ilipobuniwa mwaka 1929 kwa kutumia zinki safi sana, na viwango vya aloi hiyo havitaki risasi izidi asilimia 0.005. Kwa hiyo kigari cha kisasa kinapoanza kutoa malengelenge chini ya rangi, hatuwezi kuyaita malengelenge hayo bahati mbaya. Mahali fulani mabaki ya chuma yaliyochanganyika yalirudishwa kwenye tanuri, au zinki ya bei rahisi iliingizwa bila kupimwa.

Tairi nazo zina hadithi yake. Niliwahi kuliweka gari la 1:43 juu ya kitako chake cha plastiki, ndani ya kabati la kioo, mbali na jua, na nikaliacha hapo kwa miaka sita. Nilipoliinua, magurudumu yalikataa kuachana na kitako. Yalipobanduka yaliacha mashimo manne yanayong'aa, na chini ya tairi kulikuwa na utando wa mafuta unaonata. Vilainishi vinavyowekwa kwenye tairi za PVC ili ziwe laini huhama taratibu na kuiyeyusha plastiki ya polistireni iliyo karibu. Jambo hili linajulikana miongoni mwa wanakemia na bila shaka linajulikana kwenu. Kipande cha karatasi kati ya tairi na kitako kingetosha. Hakikuwepo, wala hapakuwa na mstari mmoja wa maelezo ndani ya boksi. Ukungu mweupe unaoachwa ndani ya vioo na mvuke wa supagluu nautaja kwa kupita tu, maana umekuwa wa kawaida mno kiasi kwamba wauzaji wameanza kuuita alama ya uzee.

Kuna jambo la kisheria ambalo huenda wanasheria wenu wanalifahamu kuliko wabunifu. Maagizo ya Umoja wa Ulaya kuhusu usalama wa vitu vya kuchezea, ya mwaka 2009, yanaviondoa kwenye hesabu ya vitu vya kuchezea vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji, mradi viandikwe wazi kwamba ni vya watu wa miaka 14 na kuendelea, na mfano wa kwanza unaotolewa ni modeli za skeli zilizo na maelezo ya kina na zilizo aminifu kwa kitu halisi. Ndiyo maana pakiti zenu nyingi zina maandishi hayo ya miaka 14. Mmenufaika na msamaha ambao msingi wake ni uaminifu wa umbo. Basi ni ajabu kwamba mkusanyaji anapouliza kuhusu uaminifu huo, anajibiwa kuwa hiki ni kidude tu cha kuchezea, asikichukulie kwa uzito.

Sitawalaumu kwa nafasi tupu zilizobaki pale palipokuwa na majina ya sigara kwenye magari ya mbio, kwa kuwa sheria za matangazo ya tumbaku hazikutungwa nanyi. Ila picha za matangazo yenu ni zenu. Mnapotangaza kigari kwa picha ya sampuli iliyopakwa kwa mkono na fundi bora kuliko wote, kisha mkaleta kingine, mstari mdogo unaosema bidhaa inaweza kutofautiana na picha haufanani na maelezo. Wekeni picha ya kigari kilichotoka kwenye mstari wa uzalishaji, hata ikichelewa.

Ninachoomba ni kidogo, na sehemu yake haihitaji hata kalibu mpya. Chapeni kwenye tumbo la kila kigari skeli yake ya kweli, na pembeni yake umbali wa ekseli kwa milimita, ule wa gari halisi na ule wa kigari, ili yeyote mwenye rula aweze kuhakiki. Mkitumia bodi ya mwaka mmoja kutolea gari la mwaka mwingine, semeni. Kosa likigunduliwa baada ya toleo la kwanza, lirekebisheni kabla ya toleo la pili. Nimeona kosa lile lile likirudi na rangi nne tofauti. Na tunzeni vioo vya pembeni, antena na magurudumu ya akiba kwa miaka michache, kwa maana kigari cha bei kubwa kinachopoteza kioo kimoja cha ukubwa wa punje ya mchele leo hakina pa kukipata kingine.

Sasa lile jibu la mistari miwili. Nilipotuma picha za kalipa ikiwa juu ya 911 yangu pamoja na hesabu zote mbili, niliandikiwa kwamba tofauti hiyo "imo ndani ya kiwango kinachokubalika". Sikuambiwa kiwango hicho ni kipi. Naomba kila kampuni itakayosoma barua hii inijibu swali hilo moja kwa namba: katika skeli ya 1:18, umbali wa ekseli unaruhusiwa kukosea kwa milimita ngapi kabla kigari hakijaitwa kibovu, na ni nani aliyekubali?

Wenu,
Mkusanyaji mwenye kalipa